Damu ya Mawese

Jumatatu, 3 Mfunguo Saba

Nachemsha mawese tangu asubuhi. Masizi ya chungu, unga wa muhogo kidogo ili yashike. Yakiwa mepesi yanateleza tu, hayaachi doa. Ya leo yamekaa vizuri. Bwana Kioo amechovya kidole, akatabasamu. Hilo ndilo jina alilopewa na watu wa Rumonge, kwa ajili ya jicho la kioo lililo mbele ya sanduku lake la picha. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sanduku halijui rangi. Chekundu chote hutoka cheusi. Basi damu si lazima iwe nyekundu. Iwe nzito tu.

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa fundi wa mashua, kama baba. Sasa nimekwisha tengeneza mamba wa mbao anayefumbua mdomo kwa kamba. Dhoruba ndani ya shimo la maji, na mashua ya urefu wa mkono, mimi pembeni napepea kwa ungo. Nyumba sita za matete zikaungua kwa mara moja, asibabuke mtu ila mimi, kidole kimoja. Huko Ulaya watu watakaa gizani waione mashua ikizama ziwani kwetu, nao hawatajua kwamba ningeweza kuibeba kwapani. Hakuna fundi mwingine ufukwe huu wote anayeiweza kazi hii. Naliandika hapa kwa sababu nikilisema sokoni wataniita mwenye majivuno.

Dada yangu Zaituni ananiita fundi wa uongo. Na aniite.

Jumanne, 4

Kazi kubwa ni keshokutwa. Mtu wa milimani anamkata askari kwa panga. Askari ni Farjala, aliyetolewa katika kambi ya Kabezi amlinde Bwana Kioo njiani. Kwa mtu anayekwenda kufa, anacheka mno.

Mwenye panga nimemchagua mimi. Bukuru, mume wa Zaituni. Mkwezi wa michikichi, mabega mapana, anapendeza kwenye picha. Hakutaka. Amesilimu juzijuzi tu, na bado anaichukua dini kwa mikono miwili. Kasema hawezi kuinua panga juu ya mtu hata kwa mchezo. Nikamwambia utakata mgomba, si mtu. Akakataa tena. Nikamsumbua mpaka akakubali. Ni mpole, na mimi ni shemeji yake mkubwa.

Mwili umekamilika: shina la mgomba, mkono wa kushoto una mifupa ya ndama ndani, na utumbo wa mbuzi uliojaa mawese. Kichwa cha udongo. Kofia ya askari ina kitambaa cha kufunika shingo, inasaidia sana. Koti ni la Farjala mwenyewe.

Alhamisi, 6

Imekwisha. Imekwenda vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Farjala kakaa chini ya mchikichi, anasinzia. Bukuru anatoka nyuma yake, anainua panga. Hapo Bwana Kioo anaacha kuzungusha mkono wa mashine, na kila mtu anabaki alipo. Hapo ndipo ninapomtoa Farjala na kumweka yule wa mgomba. Bwana anazungusha tena, panga linashuka. Kwenye picha hakuna atakayeuona mwanya. Ni kazi ya kupumua mara kumi.

Hofu yangu ilikuwa Bukuru asije akatikisa mkono wakati tunabadilisha. Nikamwambia fumba macho, panga juu, usitikisike. Nikipiga kofi fumbua na ukate papo hapo. Sikumwambia kama tumekwisha badilisha. Akaniuliza, kwa jina la kwao la shemeji, macho yamefumbwa: "Muramu, ni ule wa mugomba?" Sikumjibu. Nilitaka uso wake uogope kweli. Nikapiga kofi.

Uso ukaogopa. Mkono ukadondoka na mifupa yake, mawese yakaruka mpaka kifuani mwake. Bwana Kioo alipiga ukelele wa kwao. Kwa sanduku lake dogo alichukua na picha ya karatasi, moja kabla, moja baada.

Bukuru alitupa panga akakimbilia kwenye matete, akatapika. Farjala alikuwa amekwenda kuoga ziwani, hakuona hata. Nilimwona Bukuru akipanda njia ya nyumbani bila kugeuka. Zaituni amenitumia maneno makali. Nilikuwa na furaha bado.

Ijumaa, 7

Maiti ya mgomba imelala uani kwetu, watu wanapita mbali. Mwalimu alipotoka msikitini akaja kuiona. Hakukasirika. Kasema chenye uso wa mtu kisikae nyumbani: vunja uso, kilichobaki kiondoe. Nimekisaga kichwa, udongo nimeutia ziwani.

Kiwiliwili nilitaka kukitia ziwani nacho. Zaituni kakataa. Kasema wavuvi wa ndagala watakivuta kwenye wavu na kuzimia. Tukitupe jalalani? Mbwa watatembeza mkono na mifupa mpaka sokoni. Basi tukachimba mchangani, chini ya michikichi, tukafukia. Koti nilitaka kulivua. Farjala kasema liache, mawese hayatoki, nitapata jingine.

Zaituni, kwa mazoea tu, kachukua kata akamwagia maji juu, kama inavyofanywa kaburini. Mama mmoja muuza ndagala alikuwa akipita na ungo wake. Akasimama, akatupa pole. Tulicheka alipokwisha pita.

Bukuru alikuwa amelala ndani, ana homa. Hakuja.

Jumapili, 9

Bwana Kioo ameondoka kwa mashua, kusini, kisha pwani, kisha kwao. Kaniachia daftari jingine la kuandikia haya na picha moja ya karatasi: Bukuru, panga, askari, mkono chini. Nyingine kama hiyo ametuma kwa Bwana wa kambi ya Kabezi, Mjerumani, zawadi ya kumwazima Farjala. Farjala naye kapata ruhusa ya siku kumi na nne kwenda kwa ndugu zake Ujiji.

Niko peke yangu na mashua za watu zinazovuja.

Jumatatu, 17

Kuziba mashua. Pamba, mafuta, nyundo. Mikono inafanya, kichwa hakipo. Kila nikiona moshi nafikiri namna ya kuutengeneza.

Bukuru amepona homa lakini hakwei. Anasema mikono imekuwa mizito. Nimemwambia ni uvivu. Hakucheka.

Alhamisi, 27

Wamemchukua Bukuru.

Askari wanne, asubuhi. Farjala hakurudi kambini. Siku zake zimepita, na Ujiji hawajamwona. Bwana wa kambi alikuwa na ile picha mezani. Mtu anakatwa, na mtu huyohuyo hayupo. Mkubwa wa askari kaninyoshea picha kama mimi siijui. Nikamwambia ni kazi ya mikono yangu, ni mgomba, ni mawese. Kaniangalia kama kichaa.

Kisha kauliza watu kama kuna aliyezikwa hapa karibuni. Yule mama wa ndagala akasema ndiyo. Hana ubaya. Alisema alichokiona: fundi na dada yake wanamwagia kaburi maji.

Wakafukua. Wiki tatu katika mchanga wenye maji, mgomba umekuwa uji mweusi. Harufu mbaya. Koti la Farjala, vifungo vyote. Na mifupa. Nikapiga kelele ni ya ndama, ni ya ndama! Walinipiga kitako cha bunduki begani. Wakaifunga ndani ya koti wakaondoka nayo.

Bukuru alikuwa akiitazama ile mifupa.

Ijumaa, 28

Zaituni hasemi nami. Ana haki.

Jumatatu, 1 Mfunguo Nane

Nimefika Kabezi. Jana kutwa kwa miguu, Minago, kisha Gitaza ambako ndagala wameanikwa mpaka njiani, nikaomba pa kulala. Begani panauma. Langoni wamenizuia. Nimekaa juani mpaka alasiri. Nimemwona Bukuru kwa mbali, mnyororo shingoni, anabeba mawe na wengine. Aliniona. Akainamisha kichwa.

Wamesema Bwana ataandika barua kwa wakubwa wake, na jibu la barua kama hizo huwa kitanzi.

Jumatano, 3

Leo Bwana wa kambi kanisikiliza. Anajua Kiswahili cha kambini. Nimeeleza yote tangu chungu cha mawese. Akaigonga picha kwa kidole. "Picha hapana sema uongo," akasema. Niliona aibu ya ajabu. Kazi yangu yote ni picha iseme uongo, na imeuweza kupita kiasi.

Nikamwomba aulize Bwana Kioo. Kasema Bwana Kioo yuko njiani, barua itachukua miezi mitatu kumfikia. Kisha kaniambia jambo jingine: Bukuru amekiri. Wamemwonyesha picha kila siku, na kiboko. Siku ya nne akasema ndiyo, nilimkata.

Nilisema: Bwana, nipe siku tatu na mgomba. Nitamuua askari wako mbele yako na atakula chakula cha jioni. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Bwana akasema Jumapili.

Jumamosi, 6

Migomba ya Kabezi ni myembamba. Mawese nimeomba kwa wake za askari. Masizi yapo. Mbuzi amechinjwa leo, nimepewa utumbo. Kichwa nimekifinyanga mara tatu. Kazi hii ikitoka mbaya, mtu ananyongwa.

Nimekatazwa kusema na Bukuru.

Jumapili, 7

Niandike taratibu.

Nilimwomba Bwana akae kwenye kiti hatua thelathini mbele ya ukuta, jua mgongoni kwake. Hapo ndipo sanduku lingekaa. Askari wa kukaa chini ya ukuta nikamchagua Almasi, anayemfulia Bwana nguo. Nilitaka mtu anayemjua, mtu ambaye kifo chake kitamuuma.

Wakamleta Bukuru, wakamfungua mnyororo. Amekonda. Wakampa panga. Nikamwambia mbele ya watu: "Bukuru, safari hii macho wazi. Utaona tunavyobadilisha." Ndicho kitu nilichokuwa nimekitaka siku zote tatu, aone. Yeye akaliangalia panga, akaliacha lianguke.

"Nilisha mukata moja," alimwambia Bwana. "Sitamukata wa pili."

Askari wakanong'ona. Bwana akanigeukia, na nikajua kwamba sina nafasi nyingine. Nikaliokota panga mimi.

Nikasimama nyuma ya Almasi, panga juu. Nikasema: Bwana, sanduku la picha lilifumba jicho hapa. Nawe fumba, mpaka usikie kofi. Mtu hamwambii Mjerumani fumba macho mbele ya askari wake. Walicheka. Yeye hakucheka. Akafumba.

Wake wawili wa askari niliowafundisha jana wakamtoa Almasi, wakaweka wa mgomba. Vumbi halikupanda. Nikapiga kofi, nikashusha panga.

Bwana alisimama, kiti kikaanguka. Alimwita Almasi, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mawese yalikuwa yakichuruzika ukutani. Mkono ulikuwa pale chini, na mfupa wake mweupe. Alikuja mbio mpaka akapiga goti, akaushika. Ndipo Almasi akatoka nyuma ya ukuta, anajifuta vumbi.

Bwana akacheka, akaunusa mkono ule, akacheka tena. Akaletewa ile mifupa ya Rumonge, akailinganisha na mfupa wa huyu. Akasema mtu huru. Kisha akataka tufanye tena. Tukafanya mara mbili nyingine. Kaniita fundi mkubwa, kasema atamwandikia Bwana Kioo aniite pwani, huko kazi ni nyingi.

Nilifurahi. Hili sitamwambia mtu. Shemeji yangu yuko hatua kumi, shingo ina kidonda cha mnyororo, na mimi nilifurahi kwa kusifiwa.

Bukuru hakuona. Mara zote tatu alikuwa ameuficha uso kwenye kiwiko.

Jumanne, 9

Tumefika nyumbani kwa mtumbwi. Zaituni alimpokea mumewe ndani ya maji ya magotini. Mimi alinipa mkono bila kunitazama. Njia nzima Bukuru hakusema ila kwenye ufukwe wa Minago, alipowaomba wapiga kasia wapumzike kwa sababu mmoja alikuwa amechoka.

Ijumaa, 12

Bukuru hali kitu mchana. Tulidhani ni ugonjwa. Leo baada ya sala Mwalimu kaniita pembeni. Bukuru alimuuliza Jumanne usiku, aliyeua bila kukusudia afanye nini. Mwalimu kamjibu ilivyo: kama hana mtumwa wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo, akikatisha siku moja bila udhuru aanze upya. Mwalimu akamwambia lakini wewe hukuua, huna la kulipa. Bukuru akamshukuru. Na alfajiri yake akafunga.

Nikaenda kwake. Nikamwambia yote. Kwamba aliponiuliza nilisikia. Kwamba nilinyamaza makusudi ili uso wake uogope. Kwamba Farjala alikuwa majini anaoga, nilimwona kwa macho yangu mawili. Bukuru alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza kila mtu. Akasema, "Sawa, muramu." Kisha akaendelea kusuka kamba.

Nimemwambia nitamtengenezea mwingine, mchana kweupe, aguse kwa mkono. Zaituni kanifukuza uani.

Jumatano, 17

Farjala yu hai. Wavuvi waliotoka ng'ambo wamemwona Uvira. Ana mke huko, ana kuku, amevaa kanzu. Alitoroka jeshi, basi. Kamwambia mvuvi mmoja atusalimie.

Nilikimbia. Nilikuwa napiga kelele tangu njiani, mzee mzima. Bukuru alikuwa mlangoni. Nikamwambia mpaka rangi ya kanzu. Mvuvi mwenyewe nilikuja naye, akathibitisha, akaapa.

Machozi yalimtoka Bukuru. "Mungu ashukuriwe," akasema. "Mutu muzuri, ule. Iko muzima." Nikamwambia basi leta chakula, Zaituni, mume wako ale. Akatikisa kichwa.

"Muramu, sikiliza," akasema. Hajawahi kusema maneno mengi hivi. "Farjala iko muzima, nimesikia. Lakini mimi sikujua. Nilifungua macho, nikaona mutu, nikakata. Nilikuwa naweza kuacha mukono. Sikuacha. Ulisema nikate, na mimi nilikata. Ule mutu nilimuua huku ndani." Akajigusa kifua. "Ndio huyu nafungia."

Nilimsindikiza mvuvi mpaka ufukweni.

Barua ya Bwana wa kambi imefika kwa mkono wa askari. Nijitayarishe kwenda pwani na msafara wa mwezi ujao. Mzigo wangu utabebwa, jambo ambalo hafanyiwi fundi wa mashua. Mamba, moshi, dhoruba, vita. Ndiyo kazi niliyoumbiwa, najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nimeikunja barua.

Alhamisi, 25

Mvua ndogo asubuhi, kisha jua. Nimeziba mashua ya mtu wa Minago. Askari alikuja kuchukua jibu. Nimemwambia siendi. Kauliza aseme sababu gani. Nikamwambia aseme nina funga.

Nilianza Alhamisi iliyopita. Mwalimu aliuliza nia yangu ni ipi, kwa maana mimi sikuua mtu. Sikuweza kuitaja. Kasema Mungu anajua, nisiache tu kunywa maji kabla ya alfajiri.

Alasiri nakwenda kukaa uani kwa Bukuru. Yeye anasuka kamba, mimi nachonga makasia. Koo linakauka. Leo alipanda mchikichi mmoja, ule mfupi, akashuka na kichala. Zaituni alisimama chini muda wote.

Jua lilipozama tulifungua kwa maji. Bukuru alikuwa na muhogo mmoja wa kuchemsha, akaukata vipande viwili kwa kisu kidogo. Kikubwa akakisukuma upande wangu.